Nusu ya Jibu

Vijana wanaosomea sheria wakinikuta kwenye benchi la kinyozi hupenda kuniuliza mahakama ya zamani ilikuwaje. Wanataka niwaambie kwamba mawakili wa enzi zetu walikuwa waungwana na hawa wa sasa ni wahuni wenye suti. Kuna ukweli hapo, na huwa nakubali. Kisichonitoka mdomoni pale kwa kinyozi ni kwamba mtu mwenye adabu kuliko wote katika jengo lile nilikuwa mimi, na adabu yangu ndiyo iliyomnyang'anya mzee mmoja wa Bahi shamba lake.

Sikuwa wakili. Nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya, mtu wa kidato cha nne. Nilizaliwa Kibakwe, mama yangu Mgogo, na Kigogo nilikinyonya kabla ya Kiswahili, kwa hiyo kazi ya ukalimani iliniangukia bila mtu kuniuliza. Mafunzo hayakuwapo. Ulisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, ukala kiapo kwamba utatafsiri kwa uaminifu, basi, umekuwa mkalimani.

Nilijifunza mapema kwamba kutafsiri kila kitu ni kuleta vita. Wazee wa kwetu walikuwa hawajui kwamba hakimu ni mtu wa kuogopwa. Mmoja angesema, "Mwambie huyo mtoto aache kuandika, anisikilize." Mimi ningesema, "Anaomba usikivu wako, mheshimiwa." Na hakimu akifoka, "Mwambie mpumbavu huyu ajibu swali," mimi ningemgeukia mzee: "Babu, anaomba ujibu kwa kifupi." Kila upande uliondoka ukidhani umeheshimiwa. Mahakimu walinisifu. "Karani wetu ni mstaarabu," walisema, na mimi nilivimba kichwa. Miaka ikapita, nikawa nakata maneno ya watu kama fundi anavyokata kitambaa, na sikuona kwamba nguo si yangu.

Mawakili wachache waliokuwa wakifika Dodoma siku hizo nao walikuwa na namna yao. Wakili akichelewa kwa sababu treni imechelewa, mpinzani wake ndiye aliyesimama kumwombea udhuru. Shahidi wa mpinzani akijichanganya kwa uzee au kwa woga, wakili angemwambia hakimu, "Nadhani shahidi hakulielewa swali, mheshimiwa, naomba nilirudie." Waliitana "wakili msomi" na ungeamini wanamaanisha. Siwapambi. Walikuwapo walevi, walikuwapo wavivu. Lakini kulikuwa na vitu ambavyo mtu hakuvifanya hata kama hakuna sheria iliyomkataza.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yalijaa, mitumba ikamwagika mpaka barabarani, na mjini pakaanza kuota mabango ya mawakili binafsi. Wakati huohuo serikalini tukaanza kusikia neno "kupunguzwa", na kila aliyekuwa na kiti alianza kukikalia kwa matako yote mawili. Miongoni mwa mawakili wapya alikuwapo kijana mmoja kutoka Tabora, Mnyamwezi, aliyefungua ofisi juu ya duka la vitambaa. Nilimpenda kijana yule tangu siku ya kwanza, na hilo nalo sina budi kulisema.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Babu zao walipita kwetu na misafara, wakakuta kiangazi na visima vyenye wenyewe, na utani wetu wote umejengwa juu ya kiu ya babu zao na njaa ya babu zetu. Yule kijana aliujua utani barabara. Tukikutana kwenye mgahawa nyuma ya mahakama angepaza sauti, watu wote wasikie:

"Mgogo, leo umekula, au niwaambie waumini wakuchangie?"

"Nimeshiba. Nimekula ng'ombe ambao babu yako alituachia rehani ya maji."

"Na mimi nimekuja kuwachukua."

"Lipa kwanza maji."

Utani una kanuni moja tu: humkatalii mtani. Akikuita mwizi, unasema ndiyo, na juzi niliiba mkeo. Akisema umekufa, unasema ndiyo, nimekuja kukuchukua. Anayekataa au kukasirika ndiye aliyeshindwa. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo kabla ya kuota meno ya pili.

Ndani ya mahakama, hata hivyo, kijana yule alikuwa mtu mwingine. Aliuliza kwa Kiingereza hata pale ambapo hakuna aliyehitaji Kiingereza. Aliwageukia wateja wake waliokaa nyuma kila alipomchoma shahidi, kama mchezaji anayetafuta makofi. Neno "msomi" alipomwambia mpinzani alilitoa kama mtu anayetema kokwa. Watu wakaanza kumtafuta. Walisema, "Mchukue yule, anauma."

Aliyemchukua katika shauri ninalolisimulia alikuwa mfanyabiashara wa mpunga wa hapa mjini. Alidai majaruba ya mpunga kule Bahi, yale yaliyo karibu na maji, ambayo hata mwaka wa ukame hayakosi mavuno. Alisema ameyanunua. Mwenye majaruba, mzee wa makamo ya baba yangu, alisema hakuuza kitu: alimwachia tu alime kwa msimu na wagawane mavuno, kama watu wa Bahi wanavyoachiana, maana yeye alikuwa na ng'ombe wa kuangalia na mikono haikumtosha. Karatasi haikuwapo. Lilikuwa neno la huyu na neno la yule. Shauri lilifunguliwa mahakama ya mwanzo, ambako wangelisikiliza pamoja na wazee wa baraza wanaojua watu wa Bahi wanavyoishi, lakini kule wakili haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mfanyabiashara aliomba lihamishiwe kwetu wilayani, na likahamishwa.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa mgeni, ametoka kaskazini, mtu msafi na mkali, hajui neno la Kigogo. Wiki chache kabla ya siku hiyo nilikuwa nimejaribu kumweleza desturi fulani ya mahari ili aelewe jibu la shahidi. Aliweka kalamu chini. "Bwana karani, tafsiri, usihubiri," alisema mbele ya watu. "Ukiongeza neno lako tena nitakuandikia barua kwa wakubwa." Nikaacha kuongeza. Kukata hakunikataza, kwa sababu kukata hakuonekani.

Mzee alisimama kizimbani na fimbo yake, akasimulia vizuri, pole pole, tangu baba yake alivyoyachimba majaruba yale. Nadhani hakimu alianza kumwamini. Wakili naye aliliona hilo. Aliposimama kuuliza maswali ya dodoso alikuwa na sauti niliyoijua, sauti ya kutafuta makofi. Alimzungusha mzee kwa maswali ya miaka na mipaka mpaka mzee akachoka, akaanza kuegemea ubao wa kizimba na kunitazama mimi badala ya muulizaji. Kisha wakili akasema, kwa Kiingereza, akimnyooshea kidole:

"Nakuambia kwamba wewe ni mwongo. Nakuambia kwamba uliuza, ukala, na sasa, kama ilivyo desturi ya watu wako, umekuja mjini kuomba ulichokwisha kula."

Watu wako. Mama yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Wakili wa zamani angeruka kwenye kiti kupinga, lakini mzee hakuwa na wakili, na hakimu alikuwa ameinama anaandika. Nilimtazama mzee. Sikuweza kumtwika maneno yale, amesimama pale tangu asubuhi, mtu wa umri ule. Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikamwambia kwa Kigogo:

"Babu, huyu ni mtani wako, wa Tabora. Anasema shamba uliliuza, hela ukazila, na sasa umekuja kuombaomba. Unamjibuje?"

Uso wa mzee ulifunguka. Aliachia ubao, akasimama wima.

"Kumbe mtani! Nami nashangaa ni mtoto wa nani huyu asiye na adabu kiasi hiki. Mwambie ndiyo, nimeliuza. Na hela nimekula yote, sikubakiza. Mwambie na babu yake nilimuuza, alipopita kwetu na kiu. Nilimpata kwa kibuyu kimoja cha maji, na aliyemnunua akanirudishia, akasema huyu hafai hata kufukuza ndege shambani!"

Watu wa Bahi waliojaa nyuma waliangua kicheko. Hakimu aligonga meza. "Kimya! Bwana karani, amesema nini?"

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nalisikia kwa sauti za watu wengine. Lakini nilichofikiri wakati ule nakikumbuka vizuri, kwa sababu kilikuwa kidogo. Nilifikiri: habari ya kumuuza babu wa wakili ni matusi mbele ya mahakama, watamtia mzee mahabusu. Nilifikiri pia: nikisema ni utani, hakimu atauliza nani aliyeleta habari za utani humu ndani, na jibu ni mimi. Basi nikachukua jibu la mzee, nikalikata pale lilipoanza kukosa adabu.

"Amesema ndiyo, mheshimiwa. Ameliuza, na hela amekula yote."

Kalamu ya hakimu ilikimbia. Wakili alikuwa amebaki na kidole hewani. Alinitazama, akamtazama mzee ambaye bado alikuwa anatabasamu akingoja kipigo cha pili, kwa sababu utani hauishii hapo, mtani hurudisha. Kisha akakishusha kidole.

"Sina swali zaidi, mheshimiwa."

Akakaa.

Mchana alinikuta mgahawani. Aliketi karibu nami, akachovya chapati kwenye chai.

"Mtani, yule mzee alitoa debe, wewe ukamimina kikombe. Alisema nini?"

"Alikutania."

"Najua alinitania, nimeona meno yake. Alisemaje?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kufukuza ndege! Babu yangu!" Alifuta machozi kwa leso. "Mzee mzuri sana yule. Ningemkuta msibani, ambako watani hufungana kamba, ningejifunga mwenyewe nimfuate."

"Basi mwambie hakimu kesho," nilisema. "Mwambie ilikuwa utani. Wewe akikusikia ataamini."

"Mimi? Mteja wangu nimwambie nini?"

"Zamani mawakili walikuwa—"

"Zamani kulikuwa na sukari ya mgawo pia." Hakupandisha sauti, na wala hakuwa na chuki. "Aliyekula kiapo cha kutafsiri ni nani, mtani? Mimi au wewe? Nenda wewe ukamwambie."

Kisha akaniagizia chapati nyingine, na mimi nikaila.

Sikwenda kwa hakimu kesho yake, wala siku zilizofuata. Kila asubuhi nilimpelekea majalada, nikamsalimia, nikasimama kidogo mlangoni, na yeye akauliza, "Kuna jingine?" nami nikasema hapana. Nilijiambia kwamba hakimu mwenye akili hawezi kuamua shauri kwa jibu moja lililochekewa na watu wote. Nilijiambia mambo mengi.

Siku ya hukumu mzee alikuja na kanzu safi, na binti yake, na wazee wenzake waliopanda lori tangu usiku. Hakimu alisoma, nami nikatafsiri kipande kwa kipande. Ikafika pale: mdaiwa mwenyewe, akiwa amekula kiapo, alikiri bila kulazimishwa na mtu kwamba aliliuza shamba na akazitumia fedha. Kipande hicho nilikitafsiri bila kukata neno. Kitu cha ajabu ni kwamba kilikuwa tafsiri bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mzee hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, si hakimu.

"Nilikuwa namtania. Wewe ndiye uliyesema ni mtani wangu, na wewe ulisikia yote. Mwambie."

Wote waliojua Kigogo walikuwa wananitazama.

"Anasemaje?" hakimu aliuliza.

"Anasema amesikia, mheshimiwa."

Mzee alikuwa hajui Kiswahili cha mahakamani, ila hicho nilichokisema kilikuwa Kiswahili cha mnadani, na alikielewa. Nilimwona akielewa. Binti yake alimshika mkono, wakatoka.

Binti huyo alinifuata nyumbani kwangu Mkonze, Jumapili moja nilipokuwa nasuka upya uzio wa miiba. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, amesoma mpaka la saba. Alinisalimia shikamoo, akakataa kiti.

"Baba, sikuja kugombana. Rufaa bado ina muda. Watu wametuambia wewe ukiandika hati ya kiapo, useme kilichosemwa siku ile, wakubwa watakisoma."

"Watu wengi walisikia, mwanangu. Si mimi peke yangu."

"Walisikia. Lakini mahakama haina masikio ya Kigogo, ilikuwa imeazima ya kwako."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba ofisini wanapunguza watu, kwamba majina yanapikwa wakati huo huo tunapozungumza, na karani anayekiri kwamba alitafsiri uongo chini ya kiapo hatapunguzwa tu, atashtakiwa. Nilimwambia nina watoto shuleni. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na katika ukimya wake nilisikia jinsi ninavyopendeza ninapozungumza, jinsi maneno yangu yalivyopangika.

"Baba alinikataza nisije," alisema. "Alisema, 'Yule ni mtu wa watu, alinihurumia siku ile, ni yeye peke yake aliyeniita babu mle ndani. Msimtie kwenye matope.'" Alifunga khanga yake upya. "Mimi ningependa angekutukana. Ungejua pa kuanzia."

Akaondoka. Muda wa rufaa ukapita. Wakili alihamia mji mwingine, na sikumwona tena, nasikia aliheshimika. Mimi jina langu lilipita salama msimu ule, na msimu uliofuata halikupita. Walinipunguza kwa barua yenye lugha nzuri sana.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri, nilipokuwa sina tena cha kupoteza, jambo ambalo sioni kama linastahili kuitwa ujasiri. Nilikwenda Bahi masika, maji yamejaa. Nilielekezwa kwa mzee, nikamkuta majarubani, yaleyale, amekunja suruali mpaka magotini, anapandikiza mpunga kwa kibarua pamoja na wanawake na vijana. Mwenye majaruba wa sasa, yule mfanyabiashara, alikuwa amewaajiri wote. Nilivua viatu, nikaingia kwenye tope, nikamsalimu kwa Kigogo, ile salamu ndefu tunayowapa wakubwa, ya kuuliza nyumba na mifugo na mvua.

Alinyoosha mgongo.

"Karibu, mheshimiwa," alisema.

Kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi na kuuzia mbuzi, na ilimbidi akitafute neno moja moja. Nikaendelea kwa Kigogo. Nikamwambia nimekuja kusema kosa langu, kwamba nusu ya jibu lake niliimeza mimi, kwamba nipo tayari kula kiapo popote atakapotaka.

"Sema Kiswahili tu," alinikatiza kwa upole. "Mimi nasikia kidogo. Mkalimani hapana."

Basi nikayasema yote upya kwa Kiswahili, na katika Kiswahili yalikuwa mafupi na makavu, na hapakuwa na neno la kujifichia. Kila nilipopumua alisema, "Ndiyo, mheshimiwa," kama wasemavyo watu wote wanaosimama kizimbani na kutaka yaishe. Wanawake waliacha kupanda, wakawa wanatusikiliza. Nilingoja anitukane. Nilingoja hata anitanie.

Nilipomaliza aliinama tena, akachomoa mche mmoja kwenye furushi alilolishika, kisha akanionyesha miguu yangu kwa kidole.

"Mheshimiwa, sogea kidogo. Umekanyaga mpunga wa watu."